Maswali yenu ya briji: mwenzako kashasema, wewe unabisha nini?

Maswali yamejaa na zaidi ya nusu ni jambo lile lile, mtu anazuia mkataba (ile ahadi ya upande wa pili kwamba watakula mara kadhaa), mwenzake kamwekea karata ya kusema kitu, yeye kaipita kama hajaiona, halafu ananiuliza mimi kosa ni la nani. Haya, twende.

Tulikuwa tunazuia nne shupaza, yaani wapinzani waliahidi kula mara kumi kati ya kumi na tatu, turufu shupaza. Nilikuwa na ree, mfalme, tisa na tano za kopa, nikatoka na ree. Mezani, kwenye karata za mwenza wa mwenye mkataba zinazolazwa wazi, pakalazwa malkia, nane na tatu, mwenzangu akaweka mbili. Nikala kwanza na mfalme nisije nikamkosa, ndo nikahamia pau. Mkataba ukapita na mwenzangu kaninunia hadi leo.

Umeniandikia karata zote 52, asante sana, ndo maana nimeanza na wewe.

Ana haki ya kununa. Ile mbili, karata ndogo, ilikuwa inakwambia "kopa sina kitu, nenda kwingine", na pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, maana uru mezani kulikuwa na ree, mfalme na malkia, wakati pau za mezani zilikuwa saba, sita na mbili. Mwenzako kashika mfalme, malkia na jeki za pau, jamaa mwenye mkataba ana ree, tano na tatu. Na kopa zake ni jeki na nne, basi.

Sasa angalia ulichofanya. Ulipokula na mfalme wako ukamfungulia malkia wa mezani. Ukaja na pau, jamaa akala na ree, akavuka mezani kwa turufu, akacheza malkia wa kopa na kumtupia pau moja. Mmekula mara tatu, yeye kumi. Ungehamia pau pale pale baada ya ree, malkia wa mezani bado yuko nyuma ya mfalme wako, na jamaa akitaka kumtoa lazima akuingize wewe, ukishaingia unacheza pau na mnakula mbili. Jumla nne, mkataba chini.

Najua ulichoogopa, kwamba mfalme atakatwa. Lakini kama jamaa alikuwa na kopa moja tu, mfalme anakatwa hata ukimcheza saa hiyo hiyo, hujaokoa kitu. Hofu ya namna hii inaangusha wazuiaji kila wiki, na kinachoniuma ni kwamba mwenzako alifanya kazi yake yote, alifikiria, akachagua karata sahihi, wewe ukaona bora ujiamini mwenyewe ambaye huoni karata zake. Muombe radhi.

Mwenzangu anasahau ishara zetu. Mara kubwa anamaanisha endelea, mara anasema "aah nilitupa tu". Nimwamini lini?

Kila mara. Najua utasema rahisi kusema, ila nisikilize. Ukianza kumpima, leo unamwamini kesho humwamini, basi hata siku anayosema kweli inakuwa kelele tu, na yeye akishajua huangalii anaacha kabisa kufikiria karata anayoweka. Mwamini, fuata alichosema, mkiumia muumie pamoja, halafu mchezo ukiisha, siyo katikati, siyo mbele ya watu, mkae na chai muulizane "pale ulimaanisha nini". Nimecheza na mtu mmoja miaka mingi, mwaka wa kwanza tulikuwa tunapoteza vibaya sana kwa sababu hii hii. Tulichofanya ni kupunguza, tukabaki na ishara mbili tu, ya "nataka/sitaki" na ya kuhesabu (kumwonyesha mwenzako una karata ngapi za aina ile), tena tukakubaliana ipi inatumika wapi. Hatukuongeza nyingine hadi hizo mbili zikawa kama kupumua.

Ila usichanganye kumwamini na kumtii. Anakupa taarifa, hakupi amri. Akisema anataka kopa iendelee na wewe unaona kwa macho yako mkataba unaanguka kwa njia nyingine, angusha.

Ishara za kawaida au za kinyume, zipi bora?

Zozote mlizokubaliana kabla hamjakaa. Za kinyume, ndogo ndo "nataka", zinakuokolea karata kubwa wakati mwingine. Inatosha.

Nimeshika jeki tatu, nitoke na ipi?

Hili la nne mwezi huu na yote yako hivi hivi. Turufu ni nini? Nani kanadi nini? Mwenzako alisema kitu? Siwezi kujibu, na hata mwenzako mezani hawezi.

Kwani tukionyeshana, mwenye mkataba si anaona?

Anaona, na ana haki ya kuuliza maana yake na nyie lazima mumwambie ukweli, makubaliano ya siri hayaruhusiwi kwenye briji. Kwa hiyo kabla hujaweka karata jiulize nani anahitaji hii habari. Kama mwenzako ndo anatafuta aendelee au ahame, mpe bila woga. Kama mwenzako hana hata uamuzi wa kufanya na wewe unahesabu tu kwa mazoea, unamsaidia jamaa kujua jeki iko wapi.

Kule barazani tukicheza wahedi wa sitini tunakonyezana na hakuna anayelalamika. Kwenye briji ni vibaya kweli?

Vibaya sana, na usijaribu hata kwa utani. Kwenye briji ishara ni karata yenyewe, siyo jicho, siyo kikohozi, wala namna ya kuiweka mezani. Mwaka 1965 kule Buenos Aires wachezaji wawili wa Uingereza walishutumiwa kwamba wanaambiana idadi ya kopa kwa vidole walivyoshikia karata, na ubishi wake haujaisha mpaka leo. Mwaka 1975 kule Bermuda wakaweka skrini ili wenza wasionane, wachezaji wawili wa Italia wakakutwa wanagusana miguu chini ya meza, ikabidi na chini kuzibwe. Mwaka 2013 kule Bali ikawa zamu ya kikohozi, Wajerumani wawili kwenye mashindano ya wazee, mwaka uliofuata shirikisho la dunia likawatia hatiani.

Na kuna hili ambalo hukuuliza lakini wengi mnalifanya bila kujua: mwenzako akisita sana kabla ya kuweka tisa, wewe huruhusiwi kuutumia ule usitaji, unaruhusiwa kutumia tisa tu. Kwa hiyo fikiria mapema, karata ya kwanza ya mezani ikilala hapo ndo pa kufikiria, halafu zako weka zote kwa mwendo mmoja.

Nampa mwenzangu karata akate. Atajuaje anirudishie nini?

Kwa ukubwa wa hiyo hiyo unayompa akate. Mmarekani Hy Lavinthal alilieleza hili tangu 1934. Kwa mfano turufu ni shupaza na unampa kopa, zinabaki uru na pau: ukimpa kopa kubwa unataka uru, ndogo unataka pau. Na wewe mkataji, ukishakata rudisha alichoomba, hata kama mezani pau zinakutisha.