Kijana ana ualbino na mwakani ni mtihani wa gredi ya 9, tuombe nini?

SWALI: Habari mwalimu. Niko Ahero, kijana wangu ako gredi ya 8, ana ualbino na anaona kwa shida. Tulimnunulia miwani lakini bado anasoma karatasi ikiwa karibu na pua. Mwalimu wake anasema akimwongezea muda kwa mtihani ni upendeleo. Tufanye nini kabla ya KJSEA, huo mtihani wa gredi ya 9?

JIBU: Asante mama kwa kuuliza mapema, wengi hunitafuta mtihani ukiwa umebaki wiki mbili na hapo kusaidia inakuwa ngumu sana.

Hiyo ya upendeleo tuiondoe kwanza. Karatasi ya sayansi inapima kama mtoto anajua sayansi, haipimi kama anaona herufi ndogo. Na Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 54 inasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Mwambie mwalimu kwa upole lakini mwambie.

Alafu usiilaumu miwani. Kwa ualbino ile sehemu ya katikati nyuma ya jicho, ya kuona vitu vidogo vidogo, huwa haijakomaa vizuri, kwa hivyo miwani inasaidia lakini haimalizi shida, na macho yenyewe mara nyingi yanachezacheza. Ukiona anainamisha kichwa upande akisoma muache, amepata ile pembe macho yanatulia. Nimeshaona mtoto akikaripiwa muhula mzima "kaa vizuri!" na ndivyo alivyokuwa anaona, iliniuma sana.

Sasa darasani, hapa ndipo kazi kubwa iko. Kila mtu atakuambia akae mbele, sawa, lakini mbele wapi? Akiangaliana na dirisha mwanga unamuumiza na ubao unang'aa tu, kwa hivyo mgongo uelekee dirisha, na kofia aruhusiwe hata ndani akiihitaji. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni, hiyo haina gharama na inasaidia darasa lote. Penseli ibadilishwe na kalamu nyeusi nene. Karatasi za mtihani wa shule zipelekwe kwa wenye kutoa kopi, A4 ikuzwe iwe A3, hiyo ni asilimia 141, herufi ya saizi 12 inakuwa kama 17 hivi. Wachague mashine yenye wino mzuri juu herufi kubwa iliyofifia bado ni shida, na grafu na ramani waziangalie kwanza, mistari yake hupotea haraka sana. A3 haienei kwa dawati, kwa hivyo fundi wa mbao awatengenezee kibao cha kuinamisha kidogo, karatasi imfuate yeye badala ya yeye kupinda mgongo saa mbili.

Muda wa ziada bila maandishi makubwa haumsaidii sana, anapewa tu muda mrefu wa kuumwa na kichwa. Ombeni vyote viwili.

Kwa KNEC, lile baraza la mitihani la taifa, njia inapitia EARC, kile kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilicho karibu na nyinyi. Anza na kliniki ya macho upate ripoti, upeleke EARC, wao watampima anavyotumia macho kusoma na kuandika kisha waandike yao. Hiyo ripoti mpe mkuu wa shule, juu shule ndio inamsajili mtoto kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalum na kusema anataka karatasi ya maandishi makubwa. Usajili hufanywa mapema mwaka wa mtihani na karatasi zinachapishwa kulingana na waliosajiliwa, kwa hivyo ripoti iwe mkononi kabla ya mwaka huu kuisha. Muda wa ziada kwa kawaida ni dakika 30 kwa kila karatasi. Siku ya kusajili nenda mwenyewe, uone kwa macho yako kwamba wamejaza, usitosheke na kuambiwa "tutaweka".

Na afanye mitihani ya shule kwa mpango huo huo kuanzia muhula huu, azoee kupanga zile dakika 30 na kufunua karatasi kubwa.

Ukienda EARC beba daftari zake za hesabu na kijamii, hata zile chafu. Mahali anaruka mistari au anakosea kunakili kutoka ubaoni panaonyesha vizuri vile anaona, kuliko hata ile chati ya ukutani.