Ramani inaonyesha chaja 12. Ninunue gari la umeme?

SWALI: Kwako mshauri wetu, salamu. Nataka kununua gari la umeme lililotumika, betri yake ni ya kilowati-saa 40. Ninaishi ghorofa ya nne na maegesho yetu hayana soketi hata moja, kwa hiyo nitategemea chaja za umma. Mji wetu si mkubwa wala si mdogo, na ramani ya simu inaonyesha chaja 12. Zinatosha? – Mama wa ghorofa ya nne

JIBU: Dada yangu, hiyo 12 iweke pembeni kwanza. Kuna usiku nilifika kituoni betri ikiwa imebaki asilimia 9. Kwenye simu kituo kilikuwa na alama ya kijani, lakini chaja yenyewe kioo cheusi, taa zote zimezima, plagi imening'inia tu. Nikaenda cha pili: kiko ndani ya geti, na geti lilishafungwa tangu saa mbili. Cha tatu kilikuwa kizima, ila gari lililochomekwa lilishajaa na mwenyewe hayupo. Nilimsubiri mpaka karibu saa sita usiku. Tangu siku hiyo sihesabu chaja, nahesabu zile ninazoweza kuzitumia saa ninapozihitaji.

Nawe zichambue. Toa zilizo nyuma ya mageti. Toa ambazo plagi yake haiingii kwenye gari lako, na hapa ndipo wanunuzi wa magari yaliyotumika wanapoumia: Nissan Leaf za miaka ya nyuma, kwa mfano, kwa chaji ya haraka hutumia plagi ya CHAdeMO, wakati vituo vingi vipya hufungwa plagi ya aina nyingine, CCS, peke yake. Fungua kifuniko cha tundu la kuchajia uone kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Zinazobaki, tenganisha za polepole na za haraka. Chaja ya polepole ikiandikwa kilowati 22, usidhani zote utazipata. Kikomo ni chaja ya ndani ya gari. Kama yako inapokea kilowati 6.6, kutoka asilimia 20 mpaka 80 ni karibu masaa manne. Ya haraka ya kilowati 50 itamaliza kazi hiyo kwa dakika 30 hadi 40. Ukifika 80 chomoa, maana kuanzia hapo kasi hushuka sana na wenzako wanasubiri.

Halafu wiki nzima zipitie jioni, saa zilezile ambazo ungechaji. Ukimkuta mtu anachaji, muulize: ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi bila fundi? Jibu lake lina uzito kuliko ramani, kwa sababu katika mji wa chaja chache, mbili zikizima foleni yote inahamia kwako.

Ukipata moja ya polepole unayoweza kuifikia kwa miguu na kuliacha gari usiku, na nyingine nzima upande mwingine wa mji, nunua. Ukibaki na moja tu, mimi nisingenunua.

Ila kabla ya yote zungumza na mwenye nyumba. Soketi moja ya kawaida, fundi akiivutia waya wake peke yake, ikitoa kilowati 2.3 kwa masaa kumi ya usiku, asubuhi unaamka na umeme wa zaidi ya kilometa 100. Mpelekee ombi hilo kwa maandishi, ukiwa na majirani wawili watatu.