Dubwana likitoka baharini: majibu kwa wasomaji

Juma lililopita niliandika kuhusu mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilifukuliwa kwetu Lindi, nikamalizia kwa swali: mnyama wa ukubwa ule akitoka majini leo na kuingia Mtwara, nani angefanya nini? Mmeandika wengi, na mmeuliza kwa uzito. Haya ni machache niliyoweza kuyajibu.

Shikamoo mwalimu. Kwenye kibanda umiza tunaona madubwana marefu kuliko minara ya simu. Yanaweza kuwepo kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nachingwea)

Marahaba mwanangu. Marefu kiasi hicho, hapana. Galileo alilieleza jambo hili tangu 1638. Chukua kinyago cha mpingo, ukichonge upya kwa umbo lilelile ila kirefu mara 10. Upana na unene navyo vimekua mara 10, kwa hiyo uzito umepanda mara 1,000. Lakini ukikata mguu wake kwa msumeno, sehemu iliyokatwa imekua mara 100 tu. Mguu umeelemewa mara 10 kuliko mwanzo. Mfupa nao ni hivyohivyo, na kuna kimo ambacho ukikivuka unavunjika mnyama akiwa amesimama tu. Nyangumi wa bluu anafika mita 30 kwa sababu maji yanambeba. Akikwama ufukweni, uzito wake mwenyewe unamuua. Mjusi wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin ana kimo cha mita 13 na ushei. Yeye alikula majani. Kwa mazungumzo yetu tumchukue wa kimo hicho, lakini mla nyama.

Nikimwona mimi wa kwanza, alfajiri natoka kuvua, nani ataniamini? (Mvuvi, Msimbati)

Kaka, kati ya maswali yote yaliyoletwa, hili ndilo lililoninyima usingizi. Wataalamu walishaandika kwamba silikanti, samaki wa kale, alitoweka duniani pamoja na madinosaria. Mwaka 1938 akatoka kwenye nyavu huko Afrika Kusini. Mwaka 2003 akavuliwa kwetu, Songo Mnara, Kilwa. Mara zote mbili mkono wa kwanza kumgusa ulikuwa wa mvuvi. Dubwana nalo litaonwa kwanza na mtu wa ngalawa au mama anayechokoa pweza, si na mitambo.

Bibi zetu walitusimulia habari za Nunda mla watu. Kabla ya kuwa Nunda alikuwa paka wa sultani. Alipokula kuku watu walikwenda kushtaki, sultani akajibu kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Alipohamia kwenye mbuzi na ng'ombe, jibu likawa lilelile. Sultani aliamka siku wanawe walipoliwa. Mimi naona hadithi ile inamhusu msikilizaji kuliko inavyomhusu mnyama.

Kwa hiyo ukipiga simu, 112 au kwa mwenyekiti wa kijiji, usitamke neno "dubwana". Sema: "Nimeona mnyama mkubwa kuliko lori, ametoka majini kusini mwa kijiji, saa kumi na moja alfajiri, anaelekea Madimba." Mahali, saa, upande anaokwenda. Taarifa ya namna hiyo ofisa yeyote anaweza kuiandika kitabuni na kutuma mtu akaangalie, bila kulazimika kwanza kuamini lolote.

Jeshi si litampiga mabomu tu, yakaisha? (Dereva wa bodaboda, Mtwara mjini)

Desemba 2007 Shigeru Ishiba, waziri wa ulinzi wa Japani wakati huo, alizungumzia jambo hili hadharani. Alisema lile dubwana maarufu la filamu za kwao likitokea kweli, jeshi litatoka kwa utaratibu wa maafa ya asili, kwa kuwa mnyama si nchi iliyotushambulia. Nakubaliana naye. Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inapanga kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi taifa, na Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari. JWTZ wataitwa, ndiyo, lakini nyuma ya mnyama kuna nini? Madimba kuna mtambo wa kuchakata gesi, na bomba linakwenda mpaka Dar es Salaam. Kombora likikosa shabaha pale, moto utaua kuliko meno. Amri ya kwanza ningetamani iwe ya kufunga gesi na kuondoa watu.

Nakaa Mikindani na mama yangu mgonjwa na watoto watatu. Tukimbilie wapi?

Dada, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, shule zilifungwa na watu wa mabondeni na pwani wakaambiwa wahame. Nilikuwa Mtwara siku ile. Jirani yangu alifunga cherehani kwenye kitenge, akajitwika, akafika mbali. Kisha akarudi mbio: dawa za presha za mama yake zilibaki juu ya kabati. Kimbunga kilikwenda kupiga Msumbiji, nasi tukasalimika. Lakini kila nikimkumbuka anavyorudi kule watu wote wanakotoka, moyo unanienda mbio.

Basi fungasha leo, si siku hiyo. Mfuko mmoja wenye dawa za mama, kadi za kliniki, vitambulisho, tochi na maji, uuning'inize nyuma ya mlango. Waandikie watoto namba ya simu kwenye nguo. Mabomu ya Mbagala yalipolipuka Aprili 2009, watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na wako waliozama mtoni wakikimbia. Chagueni sasa hivi mahali pa kukutana mkipotezana, na kila mtoto apajue.

Na barabara? Usiitegemee sana. Mei 2024, kwa mvua na kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Watu wa Mtwara na Lindi wote wakijazana kwenye njia ileile, foleni inakuwa mtego. Ninyi wa Mikindani mna vilima nyuma ya mji. Pandeni kwa miguu kwanza, mama abebwe na vijana mliokubaliana nao mapema. Safari ya Newala itafuata baadaye.

Akikanyaga mikorosho yangu, nani ananilipa? (Mkulima, Tandahimba)

Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini kanuni zake zinataja wanyama wakali wanaojulikana: tembo, simba, kiboko na wenzao. Dubwana halimo. Piga picha shamba lako kabla, uweke kumbukumbu za mauzo yako, umwite afisa wanyamapori aje kuona.

Hapa kwetu watasema limetumwa. Wewe unasemaje? (Mzee, Newala)

Shikamoo mzee. Naliogopa hilo kuliko mnyama mwenyewe. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini, na Lindi ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Watafiti waliofuatilia walikuta nguruwe pori wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na msimu wa mavuno mkulima amelala shambani kwenye kibanda cha nyasi akilinda. Lakini vijijini kilichosemwa ni simba wa kutumwa, na vidole vikaelekezwa kwa majirani. Huku bibi mmoja akishutumiwa kwa sababu ya macho yake mekundu, simba yuko palepale, ana njaa.

Naomba wazee kama wewe muwahi kusema, siku ya kwanza, kabla ya vijana kukusanyana. Ninyi mkisema "hakuna wa kushikwa hapa", watasikia. Mimi wa gazetini hawatanisikia.

Akifa, mzoga tunaufanyaje? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Lindi)

Msiulipue. Novemba 1970 huko Oregon, Marekani, mzoga wa nyangumi uliwekewa nusu tani ya baruti. Vipande vya mafuta viliruka hadi kwa watazamaji, kimoja kikaponda gari. Januari 2004, Tainan huko Taiwan, nyangumi aliyepakiwa kwenye lori alipasuka barabarani kwa gesi ya kuoza. Mzoga upasuliwe na wataalamu gesi itoke, kisha makatapila yachimbe shimo refu, mbali na visima.

Lakini weka alama juu ya shimo, mwanangu. Kati ya 1909 na 1913 babu zetu walibeba mifupa ya Tendaguru kichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na huko ndiko iliko. Huyu wetu, nyama ikishaoza, afukuliwe asimamishwe Lindi, nawe uende kumwona kwa miguu.