Kabla hujamsomea mtu Katiba

Karibuni, ndugu mnaoanza kazi ya usaidizi wa kisheria. Wengi wenu mmefika na nakala ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 mikononi, na ni vizuri, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili chetu. Lakini wepesi wa lugha ulinidanganya mwanzoni.

Alinijia mzee mwenye ulemavu, hana wa kumtunza. Nikamfungulia ibara ya 11 inayotaja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Nikamwambia twende mahakamani. Mzee akakopa nauli hadi mjini. Wakili tuliyemkuta alifungua ibara ya 7 tu, akanionyesha: masharti ya Sehemu ile, yenye malengo muhimu ya Serikali, hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Niliumia kumtazama yule mzee.

Kwa hiyo mkisoma haki yoyote, angalieni kwanza iko Sehemu gani. Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza ni mwongozo kwa Serikali. Itumieni kwa diwani, kwa ofisi ya ustawi wa jamii, kwenye mkutano wa kijiji. Huko ndiko tulikomwandikia mzee barua baadaye. Sehemu ya Tatu, kuanzia ibara ya 12, ndiyo ya kwenda nayo mahakamani. Haki hizo hazikuwamo mwaka 1977. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984.

Kisha angalieni inamtaja nani. Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, inasema kila mtu. Ibara ya 17, ya kwenda na kuishi popote nchini, inasema kila raia. Mkimbizi akija kwenu, tofauti hiyo ni kubwa.

Halafu neno "isipokuwa". Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa au kufungwa, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kumbe utaratibu wenyewe hauko ndani ya Katiba. Saa 24 za kumfikisha aliyekamatwa mahakamani, ambazo kila mtu huzitaja kituo cha polisi, zimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na msipoifungua hiyo mtabishana na askari bure. Ibara ya 30 nayo isomeni kila mara, maana inaweka mipaka ya haki zote zilizotangulia.

Msikate tamaa kwa mipaka hiyo. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alipinga mahakamani vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali mwaka 2019. Silaha yake kubwa ilikuwa usawa mbele ya sheria, ibara ya 12 na ya 13. Mimi huwasomea wasichana ibara hizo polepole, neno kwa neno, na huwaacha waulize.

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, hivyo muulizeni mteja anatoka wapi.

Shauri la haki za Sehemu ya Tatu hufunguliwa Mahakama Kuu, na sisi hatusimami mahakamani. Andikeni maelezo ya mteja siku hiyohiyo, na tarehe na majina ya mashahidi, mumkabidhi wakili mapema.