Mtoto anahara na ORS inatoka chini: kwa nini uendelee kumpa

Mama mmoja wa Manyatta ameuliza jambo ninaloulizwa karibu kila mvua ndefu zinapoanza hapa Kisumu. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu anahara tangu juzi. Zahanati wamempa pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa, na vidonge vya zinki, lakini kila akimnywesha anaona maji yanatoka chini vilevile. Mama mkwe anamwambia aache, tumbo lipumzike kwanza. Sasa anataka kujua kama hayo maji yanasaidia kweli.

Yanasaidia sana, mama. Usiache. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Nyalenda, na hili ni jambo ambalo ningependa kila mlezi wa mtoto katika mji huu alielewe kabisa, maana ukilielewa hakuna mtu atakayekuyumbisha usiku wa manane. Nitalieleza kwa kirefu.

Shuleni wengi wetu tulichora njia ya chakula: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Tulifundishwa kwamba wanga huanza kuvunjwa mdomoni na protini tumboni, na mafuta husubiri nyongo. Ni kweli yote. Lakini maji hatukuyazungumzia sana, na ndiyo yanayowaua watoto yakipotea. Mtu mzima huingiza kama lita 2 kwa siku kwa kunywa na kula. Juu ya hizo, mwili wenyewe humwaga kama lita 7 ndani ya njia hiyo hiyo: mate, maji ya tumbo yenye asidi, nyongo inayotengenezwa na ini, maji ya kongosho yanayoipooza ile asidi, na majimaji ya utumbo wenyewe. Jumla ni lita 9 hivi. Ukiwa mzima, kinachotoka pamoja na kinyesi ni mililita 100 hadi 200 tu! Yaliyobaki yote yamerudi kwenye damu, mengi yakirudishwa na utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana ukakamua sehemu iliyosalia.

Kwa hiyo mtoto anapohara, maji unayoyaona kwenye nepi si yale tu uliyomnywesha. Mengi yametoka mwilini mwake, na yangetoka hata kama usingempa kitu. Ndiyo maana kulipumzisha tumbo hakuzuii hasara. Kunazuia malipo tu.

Lakini je, yanarudije ndani wakati utumbo unamwaga? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Utumbo hauna namna ya kuyavuta maji moja kwa moja. Huvuta chumvi, na maji huifuata. Mdudu wa kipindupindu hubaki ndani ya utumbo akitoa sumu inayozilazimisha seli za ukuta wake kumwaga chumvi nje, na maji hufuata huko huko. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Sumu hiyo pia huzuia mojawapo ya njia za kawaida za kurudisha chumvi, na ndiyo sababu maji matupu hayatoshi hata ukinywa ndoo.

Lakini kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi. Mlango huo uko kwenye seli za utumbo mwembamba na hufunguka pale sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari zinapofika pamoja. Zikiingia, maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeeleza mwaka 1960 kwamba sukari na sodiamu huingia kwa pamoja. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiwatibu wakimbizi waliougua kipindupindu kule Bongaon, India. Dripu zilipomwishia aliamua kuwapa maji ya chumvi na glukosi ya kunywa, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo kambini kwake vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hao walionywesha walikuwa mama, baba na dada, kama wewe hapo Manyatta.

Kuhara kwa watoto wengi si kipindupindu. Mara nyingi ni virusi, na virusi vya rota huharibu baadhi ya seli zenye mlango huo. Hata hivyo zinazobaki zinatosha kufanya kazi, na utumbo hubadilisha seli zake kwa mpya kila baada ya siku chache. Seli mpya hazijengwi kwa njaa. Endelea kumnyonyesha, mpe uji, ndizi, samaki laini, kidogo kidogo mara nyingi.

Soda nayo! Nimeingia nyumba nyingi nikakuta chupa ya soda iliyotolewa gesi, mtu ameambiwa inaongeza nguvu. Tafadhali msifanye hivyo. Sukari ni nyingi mno na chumvi hakuna, na sukari ikizidi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni. Unamwongezea kuhara. Ule unga wa glukosi peke yake pia hautoshi, kwa sababu mlango unataka vyote viwili.

Kwa mtoto wa umri huo, mpe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa kila baada ya kuhara, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uanze tena polepole zaidi. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na kosa hapo hugeuza dawa ikawa chumvi kali. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au yametiwa klorini. Yakikaa zaidi ya saa 24, mwaga utengeneze mengine. Pakiti zikiisha usiku, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidi kamwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameshapona.

Usipime kazi ya ORS kwa kuangalia kinyesi, kwa sababu haizibi kuhara. Angalia mkojo, machozi akilia, unyevu wa mdomo. Ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amelegea hashtuki, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye kinyesi, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali, na kama bado anaweza kumeza, beba kikombe na kijiko uendelee kumpa mkiwa njiani.