Solitaire haikuwa ya kupotezea muda tu
Umeuliza kama Solitaire, ule mchezo wa karata wa kompyuta, iliwekwa kwenye Windows kwa ajili ya kupotezea muda tu. Si hivyo tu. Ilipoingia na Windows 3.0 mwaka 1990, watu wengi walikuwa hawajawahi kushika kipanya. Kukamata karata, kuiburuta na kuiachia juu ya nyingine kuliwazoesha mkono bila hata kufundishwa. Minesweeper, mchezo wa kukwepa mabomu yaliyofichwa, nayo ilitaka vitufe vyote viwili: cha kushoto kufungua kisanduku, cha kulia kuweka bendera.

Mimi naipenda zaidi FreeCell, mchezo mwingine wa karata wa Windows. Kati ya michezo yake 32,000 ya mwanzo, kila mmoja na namba yake, namba 11982 pekee ndiyo haina ufumbuzi. Ukikwama kwenye nyingine yoyote, usiifunge haraka, njia ipo! Anza kwa kuzifukua zile rea (karata za A) zilizozama chini.