Jibu kwa aliyeuliza kuhusu "hella": visawe vyake, na kwa nini havibadilishani nafasi ovyo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba binamu yako aliyehamia Oakland hukuandikia sentensi kama "It's hella cold", yaani kuna baridi sana, nawe unataka maneno mengine ya Kiingereza yenye maana hiyo, na pia ungependa kujua kama unaweza kuyatumia katika barua ya kuomba kazi. Nimeishi Oakland na baadaye Boston, na maneno haya niliyajifunza katika jiko la mkahawa nilikofanya kazi na kwa watoto wangu waliokuwa wakitoka nayo shuleni. Ninaweza kukupa orodha, lakini orodha peke yake itakupotosha, kwa sababu kila neno kati ya haya lina mji wake na lina mahali pake katika sentensi.

"Hella" ni neno la kaskazini mwa California, hasa Oakland, San Francisco na miji mingine inayoizunguka ghuba ile, na inaaminika kwamba lilitokana na "hell of a". Watu wa kule hulichukulia kama kitambulisho chao. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, waliwapa wanafunzi ramani ya jimbo na kuwaomba waandike jinsi watu wa kila sehemu wanavyozungumza, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 neno hilo lilijitokeza waziwazi kuwa alama ya kaskazini. Mapenzi hayo yalifika mbali: mwaka 2010 mwanafunzi mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alianzisha ombi kwamba "hella" liwe kiambishi rasmi cha kipimo, kama "kilo" katika kilomita, kwa 10 iliyopandishwa hadi kipeo cha 27. Mwaka 2022 nafasi hiyo ilipewa "ronna", jambo ambalo mimi binafsi nalisikitikia.

Jambo la msingi ni kazi ambazo neno hili hufanya. Kijana wa Dar es Salaam husema "baridi kinoma", kisha "kuna watu kinoma", kisha "nimechoka kinoma", na neno ni lilelile mara zote tatu. "Hella" nalo lina upana huo: "hella cold" ni baridi sana, "hella people" ni watu kibao, na "I hella miss home" ni kusema kwamba nyumbani napakumbuka mno. "Very" hufaa katika mfano wa kwanza tu. Zaidi ya hayo, "hella better" husemwa bila shida, ilhali "very better", ambayo nimeisikia kwa wengi wetu tuliojifunza Kiingereza darasani, ni kosa. Kiingereza cha kawaida hutaka "much better", na katika mazungumzo "way better".

Sasa visawe. Kipimo ninachokushauri ni kuweka nomino baada ya neno na kutazama maana inakwenda wapi. Boston na maeneo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, husema "wicked", nami niliposikia "wicked smart" kwa mara ya kwanza nilielewa mara moja kwamba ni sifa. Lakini "wicked people" hubaki kuwa watu waovu, kule kama kwingineko. Kaskazini mwa Uingereza husema "dead good" kwa maana ya nzuri sana, ila "dead people" ni marehemu. Yorkshire wana "right good", na "right people" ni watu wanaofaa. Neno lililo karibu zaidi na "hella" ni "mad" la New York, kwa kuwa huko "mad people" inaweza kumaanisha watu wengi, ingawa Mwingereza akiisikia atafikiri unazungumzia wenye wazimu. "Super" na "so" hueleweka kila mahali, lakini hukaa na vivumishi na vielezi. Kwa nomino sema "so many people". Ukiwa na shaka, "really" halina mji na hukubali hata vitenzi: "I really miss home".

Suala la adabu nalo lisipuuzwe. Ndani ya "hella" limo neno la jahanamu, na familia nyingi za waumini hazipendi mtoto alitamke. Ndiyo maana watoto wa shule za msingi kule husema "hecka", na wanangu walilileta hilo nyumbani kabla ya lile lenyewe. "Bloody" la Uingereza na Australia lina historia nzito zaidi. Mwaka 1914, mhusika Eliza alipolitamka jukwaani London katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, magazeti yalilijadili kama kashfa. Siku hizi makali yake yamepungua sana, lakini usilitumie mbele ya mkwe, mchungaji au mwajiri.

Kuhusu barua yako ya kazi, usitumie hata moja kati ya hayo, wala "super", ambalo vijana wengi hudhani ni salama. Tena mara nyingi sifa husimama vizuri zaidi bila kukolezwa. Badala ya kuandika kwamba wewe ni "very experienced", taja kazi uliyoifanya na muda ulioifanya. Pale ambapo mkolezo unahitajika kweli, Kiingereza rasmi kina jozi zilizozoeleka, kama "highly skilled" na "deeply grateful", na jozi hizo hujifunzwa zikiwa nzima, kwa sababu "highly grateful" humshtua msomaji hata kama kila neno analielewa. Binamu yako mjibu kwa "hella" akikuandikia hivyo. Atafurahi, na hapo ndipo neno hilo lilipo nyumbani kwake.